Nitakuchorea Nyingine

“Hii imeshachoka, mwanangu. Niache niipige picha kwa simu, wiki ijayo uje. Nitakuchorea nyingine.”

Mzee aliyeniambia hayo, mchoraji wa Tingatinga, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, mbele yake kuna pundamilia ambao bado hawajatiwa milia. Mkononi alishika picha ya mama yangu: kipande cha mraba cha hadibodi, ndege wawili wenye shingo ndefu wamepeana mgongo, nyuma yao njano tupu. Mama aliinunua palepale miaka ya themanini. Imetundikwa kwetu karibu na dirisha tangu hapo, na sasa ile njano inabanduka magamba magamba. Ukiigusa pembeni, kidole kinabaki na unga.

Nilikwenda kuuliza kama inatengenezeka. Sikuwa na jingine.

Nikamshukuru, nikaifunga picha kwenye shuka, nikaondoka nayo. Sikumwachia aipige hiyo picha ya simu.

Tangu siku ile maneno yake hayajanitoka. Nimeosha vyombo nikiyasikia, nimekaa kwenye foleni ya Mwenge nikiyasikia. Kwa nini nilikataa? Mzee angenichorea ndege walewale, kwa mkono uliofundishwa na waliofundishwa na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa uchoraji huu. Rangi ingekuwa mpya, inang'aa kama ile ya mama ilivyong'aa siku aliyoilipia. Huenda hiyo mpya ingefanana na alichokipenda mama kuliko hiki nilichobaki nacho.

Na bado sikutaka.

Mayai mazima

Mimi si mtu wa makumbusho, ni mpenzi wa kuyatembelea tu. Nilipoanza kusoma jinsi wahifadhi wa sanaa ya kisasa wanavyofanya kazi, nilitarajia habari za dawa na darubini. Zipo. Ila kilichonishangaza ni jinsi watu hawa wanavyoulizana. Mmoja anampigia mwenzake wa bara jingine kumuuliza plastiki ya aina fulani ilianza lini kugeuka rangi kwake. Mwingine anamsaka fundi mstaafu aliyewahi kumsaidia msanii kwa miezi michache, ili amweleze kitu kimoja tu ambacho hakuna kitabu kilichokiandika.

Kisa kilichonishika ni cha Houston, Texas. Kati ya 1964 na 1967, mchoraji wa Marekani Mark Rothko alichora picha 14 kubwa, nyeusi na zambarau iliyokolea, kwa ajili ya jengo dogo la ibada. Alifariki 1970, jengo likafunguliwa 1971. Haikupita miaka mingi, weupe kama ukungu ukaanza kujitokeza juu ya weusi ule. Mhifadhi Carol Mancusi-Ungaro akajikuta mbele ya picha ambazo mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Maabara inaweza kukuonyesha kwamba ndani ya rangi kuna mafuta na kuna protini. Haiwezi kukusimulia mtu alivyosimama na bakuli mkononi akikoroga.

Akawatafuta waliokuwa wasaidizi wa Rothko karakanani New York. Wakamweleza: mayai mazima. Mayai, mafuta, tapentaini, utomvu mkavu wa jamii ya sandarusi, na unga wa rangi. Ukungu ule haukutoka nje, ulikuwa unapanda kutoka ndani ya mchanganyiko wenyewe.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Mtaalamu ana maabara, ana usomi, ana jumba lenye fedha nyuma yake, na jibu liko kichwani mwa aliyekuwa kijana wa kukoroga rangi.

Mwaka 1990, akiwa jumba la sanaa la Menil Collection hukohuko Houston, Mancusi-Ungaro alianza kuwahoji wasanii walio hai huku kamera ikirekodi, wakiwa wamesimama mbele ya kazi zao. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Msanii ukimhoji ofisini atakupa falsafa yake, na utaondoka na maneno mazuri. Msimamishe mbele ya kitu alichokitengeneza miaka 20 iliyopita, auone ufa kwa macho yake. Hapo utajua kama ufa ule unamuuma au ameshauzoea.

Hali na maana

Uholanzi katikati ya miaka ya tisini walikuwa wameelemewa. Makumbusho yao yalijaa vitu ambavyo elimu ya kuhifadhi picha za kale haikuvijua: plastiki inayonata, povu linalogeuka vumbi, mashine ambazo ukiziendesha zinalika na usipoziendesha zinakufa. Hakuna jumba lililokuwa na ujuzi wote huo ndani ya kuta zake. Wakachagua kazi 10 ngumu kuliko zote, wakaunda vikundi vya wahifadhi, wasimamizi wa mikusanyo na wanasayansi, kila kazi ikajadiliwa na watu ambao kwa kawaida wasingekaa chumba kimoja.

Mojawapo ilikuwa Gismo ya msanii Jean Tinguely, ya mwaka 1960, rundo la vyuma chakavu na magurudumu lililoundwa ili lisogee na kupiga kelele. Mhifadhi wa mtindo wa zamani angesema izimwe, isichakae. Msimamizi wa mkusanyo angemjibu kwamba Gismo isiyopiga kelele haipo. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo.

Septemba 1997 wakawaita wenzao wa nchi nyingine Amsterdam, kwenye mkutano ambao jina lake lilikuwa swali: sanaa ya kisasa, nani anajali?

Mwaka 1999 yakatoka mawili. La kwanza ni mwongozo wa kufikia uamuzi, ambao ukiuondolea michoro na mishale unabaki na maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza. Kitu hiki kiko katika hali gani? Kilikusudiwa kusema nini? Je, kwa hali kiliyo nayo, bado kinakisema? La pili ni mtandao wa kimataifa wa wahifadhi wa sanaa ya kisasa, INCCA, ulioanzishwa na taasisi 11. Walikubaliana kwamba kila mmoja awaambie wengine kabatini mwake mna nini: barua za wasanii, kanda za mahojiano, ripoti za hali na za matengenezo ambazo hazikuwahi kuchapishwa popote.

Inasikika kama jambo la makaratasi. Mimi naliona la ujasiri.

Ripoti ambayo haikuchapishwa mara nyingi ndiyo yenye ukweli. Ndimo mlimoandikwa kwamba tulijaribu gundi hii ikaacha doa, kwamba tulisafisha kwa maji tukaondoka na rangi. Jumba la makumbusho linaishi kwa kuaminiwa, na kumfungulia mwenzako faili kama hilo ni kumwonyesha ulipoteleza. Juu ya hapo kuna wanasheria, kuna bima, kuna soko. Mmiliki binafsi aliyenunua sanamu ya plastiki kwa fedha nyingi hataki dunia ijue kwamba imeanza kupasuka, kwa sababu siku atakapoiuza kila ufa utapigiwa hesabu. Kwa hiyo siri zinalipa. Na siri hizohizo ndizo zinazomfanya mhifadhi wa mji mwingine arudie kosa lilelile, kwa gundi ileile.

Msanii aliposema hapana

Kuna kazi moja iliyonitikisa kuliko zote. Kati ya 1992 na 1997, Zoe Leonard wa Marekani alikuwa akila matunda, akihifadhi maganda, kisha akiyashona yarudi kuwa umbo la tunda. Ndizi, machungwa, malimau, maparachichi, kiasi cha 300 kwa jumla, kwa uzi, zipu na vifungo. Alianza baada ya kufiwa na rafiki yake, msanii David Wojnarowicz. Kazi inaitwa Strange Fruit, na iko katika jumba la sanaa la Philadelphia.

Maganda hukauka, hunyauka, huvunjika. Leonard akazungumza na mhifadhi Christian Scheidemann, ambaye alifanya utafiti mrefu wa namna ya kusimamisha uozo. Akafaulu. Aliyakausha baadhi ya maganda kwa baridi kali na kuyapenyeza dawa ya kuyashikilia, yakabaki kama yalivyo.

Leonard akayatazama, akasema hapana.

Alitambua kwamba kunyauka kulikuwa ndani ya kazi tangu mshono wa kwanza. Alikuwa ameshona kwa ajili ya mtu aliyeondoka, na kitu kisichoondoka kisingeweza kulisema hilo. Jumba la Philadelphia likaichukua kazi mwaka 1998 likijua kwamba linanunua kitu kitakachokwisha mikononi mwake.

Kwa siku kadhaa nilimhurumia Scheidemann. Kazi yote ile, kisha inakataliwa! Baadaye nikaona tofauti. Kama asingefaulu, Leonard asingekuwa na cha kuchagua. Angekubali uozo kwa sababu hakuna njia nyingine, na hilo si sawa na kuutaka. Mhifadhi alimpa msanii uwezo wa kusema hapana. Kisha msimamizi wa mkusanyo akalibeba hilo hapana hadi kwa uongozi wa jumba na kuwaeleza kwa nini walipie kitu kinachokufa. Bila wote watatu, maganda yale ama yangekuwa yametupwa, ama yangekuwa yamegandishwa kinyume cha moyo wa aliyeyashona.

Asiyeweza kuulizwa

Leonard alikuwepo wa kujibu. Eva Hesse, mchongaji wa Marekani, hayupo.

Alifariki 1970 akiwa na miaka 34, akiacha kazi za mpira na faibaglasi ambazo zilikuwa laini na zenye kupitisha mwanga. Aliyewahi kutengeneza manati utotoni anajua mpira unavyofanya: unakuwa mweusi, mgumu, kisha siku moja unavutwa na kukatika. Hesse alijua pia. Katika mahojiano ya mwaka wake wa mwisho alisema anajisikia vibaya kidogo kwa wanunuzi, kwamba angetaka kuwaandikia barua awaambie kazi hizi hazitadumu. Lakini katika mahojiano hayohayo alisema pia kwamba sanaa haidumu na haijalishi, wala hakuonyesha kwamba ameamua lifanyike nini zikishachakaa. Ugonjwa haukumpa muda.

Sasa ufuate neno gani la marehemu? Lile la kusema haijalishi, au lile la kujisikia vibaya?

Jumba la sanaa ya kisasa la San Francisco lilipokuwa likiandaa maonyesho makubwa ya Hesse mwaka 2002, liliwakusanya wahifadhi, wasimamizi na watu waliomjua na kufanya kazi naye, wakabishana. Zionyeshwe zikiwa zimegeuka rangi na kukakamaa? Zifanyiwe nakala? Zibaki stoo? Hawakumaliza na jibu moja, na mabishano hayo yalichapishwa yakiwa bado mabishano. Napenda kwamba hawakuyapiga pasi.

Kazi yake ya 1969 iitwayo Expanded Expansion, ndefu kupita mtu, pazia la kitambaa chepesi kilichopakwa mpira na kushikwa na nguzo za faibaglasi, ilikaa stoo ya jumba la Guggenheim, New York, kwa zaidi ya miaka 30 bila kuonyeshwa. Ilirudi ukumbini 2022, baada ya kazi ndefu ya wahifadhi. Mpira umebaki na rangi ya kahawia na ugumu wake. Hawakuifanya ijana. Waliiwezesha kusimama, wakaweka na filamu inayoeleza walivyoifikisha hapo, ili mtazamaji asidhani Hesse alikusudia ukakamavu ule.

Kamati ya kutengeneza upya

Jumba la Whitney, New York, lilianzisha kamati maalumu mwaka 2008. Kazi yake ni kukaa na kuamua ni lini kitu, au sehemu ya kitu, kinaweza kutengenezwa upya na kikaendelea kuwa kazi ileile. Wanakaa wahifadhi, wasimamizi, watu wa kumbukumbu na wa sheria. Huyu anaangalia nyenzo, huyu anaangalia historia, huyu anakumbusha kwamba mkataba na msanii ulisema hivi.

Niliposoma habari zao, niliyasikia tena maneno ya Morogoro Stores. Maana kamati nzima, na wasomi wake wote, inakaa kujadili jambo ambalo yule mzee alilimaliza kwa maneno mawili.

Na mara nyingi jibu lao ni lake. Samaki papa wa msanii Damien Hirst, kazi ya mwaka 1991, alioza ndani ya tangi, akaletwa papa mwingine 2006, na mtaalamu wa samaki kutoka jumba la historia ya viumbe la London akasaidia ili huyu wa pili ahifadhiwe vizuri zaidi. Michoro ya ukutani ya msanii Sol LeWitt hupakwa rangi juu na kupotea maonyesho yakiisha, kisha huchorwa upya kwingine na mikono mingine kwa kufuata maelekezo, na hakuna anayeiita nakala. Mnara wa msanii Nam June Paik ulioko Gwacheon, Korea Kusini, wa mwaka 1988, una runinga 1,003. Ulizimwa 2018 kwa sababu runinga za chogo hazitengenezwi tena. Wakakarabati nyingi kwa vipuri na runinga za mitumba, zile ndogo zisizopatikana wakaziwekea za bapa, ukawashwa tena 2022. Kazi za msanii El Anatsui, zile za vifuniko vya chupa na waya, hufika ndani ya makasha zikiwa zimekunjwa, na mwenyewe anataka wanaozitundika wazipe mikunjo yao. Hazina umbo moja la asili la kulindwa.

Kwa hiyo mzee hakuwa amenipuuza. Alinipa jibu halali, la mtu anayeamini kwamba picha ya Tingatinga inaishi katika mkono na si katika ubao.

Kilichokosekana ni mazungumzo kabla ya jibu. Mimi sikumuuliza lolote, yeye hakuniuliza picha hii ni nini kwangu. Na hapakuwa na wa tatu wa kutuuliza wote wawili kwa nini rangi imebanduka.

Rangi ya kopo

Swali hilo la rangi lina majirani wa mbali.

Mchoraji Picasso alipewa nafasi ya kufanya kazi ndani ya ngome ya Antibes, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1946. Vita vimekwisha juzi, turubai na rangi za wasanii ni adimu. Akachora kwa rangi za makopo, zile za nyumba na boti, juu ya mbao na mabamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi. Miaka mingi watu walisema tu kwamba alitumia Ripolin, chapa ya rangi ya makopo, bila uthibitisho wa kimaabara. Ndipo wanasayansi wa jumba la sanaa la Chicago na watu wa jumba la Antibes wakashirikiana. Walihitaji makopo ya zamani ya Ripolin kwa ajili ya kulinganisha, na baadhi waliyapata kwa kununua kwenye minada ya mtandaoni. Maabara ya taifa ya Argonne, jirani na Chicago, ikaongeza eksirei yenye uwezo wa kuona chembe ndogo mno, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba rangi nyeupe kwenye picha moja ya Picasso ya 1931 inalingana na ya kwenye makopo hadi uchafu uliomo.

Rangi ya kopo juu ya ubao wa ujenzi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana na kununulika.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hicho hicho: rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Aliuawa 1972. Alikuwa na miaka minne tu ya kuchora, na ndani ya miaka hiyo aliwafundisha jamaa zake, ambao nao walifundisha wengine. Leo kuna picha zake na za wanafunzi wake wa kwanza ndani ya makumbusho ya nchi nyingi, na popote zilipo zinafuata sheria ileile. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na haiachi. Inaendelea kukakamaa mwaka hadi mwaka. Hadibodi nayo inakunywa unyevu, inavimba masika na kusinyaa kiangazi. Kimoja kinacheza, kingine hakiwezi tena kucheza. Kitakachofuata ni magamba.

Hili lilipaswa kuwa swali la pamoja la Dar es Salaam na kila jumba lenye hadibodi ile. Walio nje wana eksirei. Waliopo hapa wanajua kopo lilinunuliwa wapi na lilizimuliwa kwa nini. Kwa kisa cha Houston, wazee wa Morogoro Stores ndio wale wasaidizi wenye habari ya mayai.

Nilirudi

Safari hii nilikwenda na picha ya mama na daftari. Shikamoo, marahaba, nikaomba nikae. Nikamwambia, “Mzee, leo sijaja kununua. Nifundishe hii rangi.”

Alinitazama kwanza kama anayepima. Kisha akazungumza mpaka jua likahama upande. Akanieleza usuli unavyopakwa mwanzo na kuachwa ukauke, na kwamba asiye na subira akichora mnyama juu ya usuli mbichi ataona nyufa mapema. Akanieleza siku za uhaba, kopo moja linavyogawanywa na kuzimuliwa ili lifike mwisho wa mwezi, na kwamba njano ndiyo iliyozimuliwa zaidi kwa sababu ndiyo iliyotumika kwa wingi. Akageuza picha ya mama, akaonyesha mgongo wake. Haukupakwa chochote. “Unyevu umeingilia huku,” akasema. “Siku hizi nyuma tunapaka.” Wanunuzi wanaokunja turubai na kuiweka kwenye mabegi ndio wanaomsikitisha, kila siku anawaambia wakunje rangi ikiwa upande wa nje, isije ikabanana na kupasuka, na kila siku wanakunja kinyume.

Nikamuuliza kama anaona vibaya kuiona ile ya zamani ikibanduka.

Alinyamaza, kisha akasema aliyeichora alikuwa rafiki yake. Alimtambua kwa macho ya ndege. Mara ya kwanza hakunitajia hilo kwa sababu sikuuliza.

Nimemwagiza anichoree nyingine. Ya mama nimeilaza chali ndani ya boksi pana, mbali na dirisha, na magamba yaliyodondoka nimeyaweka kwenye bahasha. Nyuma ya mpya nimemwomba aandike jina lake, mwezi na mwaka, na aina ya rangi aliyotumia. Hilo la mwisho lilimpendeza. Alisema hajawahi kuulizwa na mnunuzi.

Nani akae mezani kwetu

Si kwamba ukanda huu haujui kushirikiana. Watu wa makumbusho wa Afrika walifundishwa pamoja miaka ya tisini kupitia mpango wa ICCROM, shirika la kimataifa la kuhifadhi urithi, ulioitwa PREMA, wakajuana kwa majina na kwa makosa. Kutokana nao, mwaka 2000 Mombasa ikapata kituo cha mafunzo kwa nchi zinazotumia Kiingereza. Lakini mzigo mkubwa wa wakati ule ulikuwa vifaa vya jadi, ngozi na mbao na wadudu wake. Plastiki, rangi ya kopo na video havikuwa vimebisha hodi bado.

Sasa vimeingia. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi, anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mutuba kutoka Uganda, na picha zake zimekwenda mbali. Lubugo ina matundu na mishono yake. Mhifadhi wa Ulaya aliyelelewa kwenye turubai ya kitani atajuaje tundu lipi ni la gome na lipi ni la ajali? Wapo Buganda mafundi wa ukoo wa Ngonge ambao kazi hii ni urithi wao, wanaogonga gome ndani ya banda ili lisikauke upesi. Wanajua lubugo inavyopumua. Nataka siku picha moja ya namna hiyo itakapohitaji matengenezo, fundi wa lubugo awe chumbani, alipwe kama mtaalamu, na jina lake liandikwe kwenye ripoti. Armitage mwenyewe ameanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa Nairobi, mwaka 2020, na mahali kama hapo naona mazungumzo haya yanaweza kuanzia bila kusubiri jumba la nje lituandikie barua.

Fedha ni tatizo, najua. Mahojiano yale ya Houston yalikuwa na mfadhili mkubwa, mtandao ule wa INCCA ulianza na fedha za Umoja wa Ulaya. Lakini mahojiano yenyewe ni watu wawili, picha moja na simu inayorekodi. Hicho tunacho.

Makopo

Kwa hiyo nina ombi. Natafuta makopo ya rangi ya mafuta yaliyouzwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kati ya 1965 na 1990. Hata tupu, hata yenye kutu, mradi kibandiko kinasomeka au kuna rangi iliyokauka chini. Natafuta pia stakabadhi za maduka ya rangi na vifaa vya baiskeli ya Kariakoo, na mtu yeyote aliyefanya kazi kiwandani au dukani miaka ile anayekumbuka rangi zilichanganywa na nini zilipoadimika.

Kama mzee wako ana stoo ambayo haijafunguliwa muda mrefu, mwombe ruhusa uingie. Ukikuta kopo, usilioshe wala usilikwangue. Lipige picha pande zote, andika limetoka wapi na lilikuwa la nani, kisha niandikie. Nimeanza orodha, na yeyote mwenye maabara atakayeihitaji nitampa yote.